Maoni Yamezingatiwa

Ndugu waombolezaji, vile vijitabu mlivyopewa mlangoni naomba mviweke mapajani kwanza. Ukurasa wa tatu tutaufikia.

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Maoni, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea. Mama alikuwa akisema alizaliwa kakunja ndita, kama anayeuliza ni nani aliyepitisha uamuzi huo bila kumshirikisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akiwa amechapwa mara moja tu: alihoji kwa nini kiranja ametangazwa kabla ya kura kuhesabiwa. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1986, na swali lake lilikuwa lile lile.

Machi 1988 aliajiriwa idara ya utafiti wa sera. Kazi yake ilikuwa kwenda kumbini na sokoni kuwauliza watu wanaionaje sera inayotungwa, kisha kuchunguza kama wakubwa walifuata walichoambiwa. Aliipenda kazi ile jamani, hata kula alikuwa anasahau.

Mwaka 1991 alimuoa wifi yetu, mkunga. Nyumbani napo kila jambo lilipigiwa kura. Siku moja aliwakusanya watoto wachague rangi ya mapazia, kumbe wifi keshayanunua na yamo mfukoni. Wifi akawaambia, bila hata kutabasamu, kwamba maoni yao yamezingatiwa. Kaka alicheka mpaka machozi. Utani huo ulikoma mwaka 2003.

Mwaka huo aligundua kwamba sera ya masoko ilichapishwa wiki tatu kabla yeye hajatumwa kuwauliza wauza mboga. Wale kina mama waliacha biashara asubuhi nzima ili wampe maoni. Akaandika ripoti ya kurasa tisini. Mkuu wake akaifungia kabatini, akamwekea mezani karatasi ya sentensi moja, "Maoni ya wananchi yamezingatiwa," na nafasi ya saini. Nyumba mliyoijua kuwa yake ilikuwa ya ofisi. Watoto watatu walikuwa shuleni. Akasaini. Ukishasaini ya kwanza, ya pili utaikataa kwa mdomo gani? Alisaini kila sera kwa miaka kumi na minane, akapandishwa cheo, na kabati lile likahamishiwa ofisini kwake bila ufunguo. Alimwambia mdogo wake huyu anayewasomea, "Mdogo wangu, mimi ni panya aliyeingia chupani akanenepea humo humo."

Alistaafu mwaka 2021, lakini kiapo cha kutunza siri hakistaafu. Ilianza presha, zikafuata figo. Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa tano asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumapili iliyotangulia alituomba jambo moja tu.

"Msiseme nilikuwa mtumishi mwaminifu. Semeni nilisaini."

Ofisi ilijitolea kuchapisha vijitabu. Alhamisi dereva wao alituletea rasimu ya wasifu, tutoe maoni. Tulikaa familia nzima, tukafuta maneno "mtumishi mwaminifu", tukaandika alichoomba. Dereva akaipokea karatasi kwa heshima zote, kisha akafungua buti la gari na kututeremshia vijitabu mia tatu, vimeshabanwa pini.

Sasa fungueni ukurasa wa tatu. Mstari wa mwisho unasema familia ilishirikishwa kikamilifu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mimi dada yake, na kurasa tisini kabatini. Alisaini. Leo mmesikia. Kaka, sasa pumzika.