Mwalimu Redio, Msomaji Wetu wa Mitihani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha katika shule yetu, mwalimu wa lugha ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mwalimu Redio atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini Novemba. Kamati ya sherehe imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu moja tu: meza yangu na yake katika chumba cha walimu zimegusana karibu muda wote huo, na kamati inaamini jirani huona mengi. Kweli nimeona mengi. Mengine nimeyaacha nje ili tubaki marafiki.

Kwa wageni wasioijua shule yetu, wanafunzi wetu wana disleksia. Ni watoto wenye akili kama watoto wengine, ila wakiwekewa ukurasa mbele yao herufi huwagomea, na sentensi ambayo mwenzao anaimaliza kwa kuitupia jicho wao huipanda kama ngazi. Wengi hufika hapa wameshaitwa wavivu, na baadhi yao wameshaamini.

Mwalimu alipangiwa hapa akiwa kijana mwembamba mwenye shati lililonyooshwa mpaka likasimama. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuja na masanduku mawili na la pili hakulifungua, kwa kuwa alikuwa na uhakika ataomba uhamisho. Siku ya kwanza alijaza ubao kona hadi kona kwa mwandiko mzuri aliofundishwa chuoni. Alipogeuka, darasa zima lilikuwa linatazama nje ya dirisha. Mwingine angefoka. Yeye alichukua dasta, akafuta kila kitu, akaketi juu ya meza na kuanza kuwasomea hadithi. Sanduku la pili lilifunguliwa wiki ileile.

Hapo ndipo jina la Redio lilipozaliwa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alisoma hadithi, na kusoma kwake hakukuwa kwa kawaida. Alikuwa bibi kizee, mara akawa mwizi, mara akawa mlango wenye bawaba zinazolia. Mpishi alikuwa anaacha sufuria zimelowekwa na kuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Mimi nafundisha hisabati chumba cha pili, na sikumbuki Ijumaa hata moja niliyomaliza kipindi, kwa maana wanafunzi wangu walikuwa nami kwa miili tu. Hata mimi nilikuwa nimetega sikio.

Kisha kikaja kibali. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu walikuwa wakifeli mitihani ya mwisho, si kwa kutojua majibu, bali kwa kushindwa kuyasoma maswali kabla muda haujaisha. Shule iliomba, ikaomba tena, mpaka ofisi ya mitihani ikakubali kwa majaribio kwamba tuwe na msomaji. Masharti yalikuwa mafupi: asome kilichoandikwa, arudie kila akiombwa, asifafanue, asiashirie kwa namna yoyote. Likitokea kosa, kibali kinafutwa kwa wote. Hatukupoteza muda kujadili nani awe msomaji. Tulikuwa na Redio.

Ofisi ilimtuma afisa wake aje kusikiliza mtihani wa majaribio wa kemia, wa maswali ya kuchagua jibu. Afisa alikaa nyuma bila karatasi ya maswali, ana kalamu na masikio yake tu. Mwalimu alisoma vizuri sana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwishoni afisa alitukabidhi majibu yake tuyasahihishe. Mtu ambaye alikiri mwenyewe kwamba aliikimbia kemia tangu kidato cha pili alikuwa amepata karibu yote! Alisema hakufikiri chochote, alifuata sauti tu: majibu ya uongo yalipita haraka kwa aibu, na la kweli likaja linatabasamu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mwalimu wetu alikuwa tu hajui kusoma bila kusema ukweli. Afisa alicheka pamoja nasi, akanywa chai yetu, kisha akatuambia kibali anakizuia mpaka muhula ujao, atakaporudi kusikiliza upya.

Mke wa mwalimu ni fundi cherehani, na yaliyofuata tumeyapata kwake. Kila jioni mumewe alivuta kiti kando ya cherehani akamsomea maswali ya kuchagua, naye huku anashona akataja jibu. "La tatu," anamwambia, "umemeza mate kabla yake." Kesho yake: "La kwanza. Umelisoma kama unaliogopa, basi ndilo." Alijaribu kusoma akiwa ameipa cherehani mgongo, akanaswa. Alijaribu kusoma na peremende mdomoni, akanaswa na akapaliwa juu yake. Hatimaye akagundua dawa: alipima mwendo wa kila neno kwa kugonga kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, jibu zuri na jibu baya mwendo mmoja. Shemeji yetu anasema alijua kazi imekwisha jioni ile alipoulizwa jibu naye akajibu, "Sijui, baba watoto, na wala sina hamu ya kujua." Muhula uliofuata afisa alikaa tena nyuma na kalamu yake, akapata alama za aibu, akatia saini.

Tulishangilia, na hatukuona kilichoondoka. Ijumaa ile hapakuwa na hadithi. Wala iliyofuata. Alisema koo linamsumbua, tukamletea asali. Baadaye sana ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la kuonea haya. Mtoto aliyemsikiliza akisoma hadithi mwaka mzima huijua sauti yake kama anavyoijua ya mama yake, na siku ya mtihani atasikia hata pale ambapo afisa hasikii kitu. Hakutaka iwepo hata chembe ya shaka juu ya alama za mtoto yeyote. Kwa hiyo aliiweka sauti yake kando. Hakuna aliyemwomba. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma. Wanafunzi waliokuja baada ya hapo waliposikia anaitwa Redio walidhani anataniwa, na mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, betri ziliisha lini.

Miongoni mwa waliosomewa alikuwepo binti mmoja aliyetaka kusomea ufundi umeme na hakutaka kusikia habari ya kitu kingine. Kwenye karatasi ya fizikia alimwomba mwalimu arudie swali moja. Akaomba tena. Akaomba mpaka msimamizi akaanza kuwatazama. Mwalimu aliiona kalamu ya binti imesimama kwenye jibu lisilo lenyewe, na alijua kwamba angeinua sauti kidogo tu, kiasi ambacho msimamizi asingehisi, ingetosha. Binti alikuwa analia. Yeye alisoma vilevile, kila alipoombwa, mpaka muda ukaisha.

Binti alikosa nafasi ya chuo kwa alama chache, akarudia mwaka mzima. Mama yake alikuja shuleni akamwambia mwalimu maneno ambayo hayafai kwenye jarida hili, naye akayapokea amesimama. Binti mwenyewe aliacha kumsalimia. Mwaka ule mwalimu wetu alizeeka. Siku moja tukiwa tunafunga madirisha aliniuliza kama alichofanya ni ukatili. Nilimwambia hapana, ingawa sikuwa na hakika, na nadhani alinijua. Binti alifanya mtihani mara ya pili akisomewa na mwalimu yuleyule, kwa kuwa shule haikuwa na mwingine, akafaulu, akaondoka bila kuaga.

Mwaka jana nyaya za ukumbi zilipoanza kutoa cheche tukaagiza fundi umeme, na aliyeshuka na ngazi begani alikuwa yeye. Wakati wa chai alinisimulia kwamba kazini kuna wenzake waliomwambia cheti chake ni cha kusomewa, hakina jasho. "Nikawaambia, mwalimu aliyenisomea mimi nililia mbele yake na sauti haikutikisika," alisema. "Hiki cheti ni changu mwenyewe. Hakuna mtu wa kukigusa." Kisha akatoka kwenda kumtafuta. Sikuwafuata, lakini dirisha la chumba cha walimu halina pazia: alimsalimia kwa mikono miwili, na wakasimama uani wakizungumza mpaka chai yake ikapoa. Taa za ukumbi hazijatusumbua tangu siku hiyo.

Mengine aliyoyafanya nitayapitia haraka, kwa sababu mwenyewe akisifiwa huanza kutafuta funguo zake mifukoni. Amewafundisha wasomaji wa mitihani ambao sasa wanafanya kazi katika shule nyingine, na wawili watakaobaki kwetu. Alianzisha kikao cha wazazi wapya, ambapo kazi yake kubwa ni kukaa kimya mpaka baba mmoja akiri kwamba naye alipata taabu hiyohiyo utotoni. Mkuu wa shule naye aligundua kwamba habari mbaya zikisomwa na Redio hazigombanishi mtu, na tangu hapo ratiba za zamu za likizo zimekuwa zikisomwa na yeye. Tunamsamehe.

Jumatatu iliyopita, karatasi ya mwisho ya mwaka ilipofungwa kwenye bahasha na kuondoka na gari la ofisi ya mitihani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawakutoka ukumbini. Mpishi alikuwa amewapa habari za zile Ijumaa. Wakamwomba mwalimu awasomee hadithi moja, kwa kuwa sasa hana tena mtihani wa kuwasomea. Walimu tulijazana mlangoni. Alifungua kitabu, akavuta pumzi, akaanza, na sauti ya zamani haikuja. Alikohoa, akajaribu kumfanya bibi kizee wa kwenye hadithi azungumze, na bibi kizee akazungumza kama swali la kemia. Nilimwona usoni akitambua kwamba alichokiweka kando hakipo tena pale alipokiweka. Nilitamani kutoka nisione.

Lakini aliendelea, kwa sauti ileile kavu, neno baada ya neno. Hadithi ikafika mahali pa kuchekesha, na sauti yake haikumwambia mtu yeyote kwamba hapo ni pa kucheka. Ukumbi mzima ukacheka. Palipokuwa na huzuni walinyamaza wenyewe. Watoto walioambiwa tangu wadogo kwamba hawawezi kusoma walikuwa wanaifuata hadithi yote, kila mmoja kwa akili yake, na yeye hakuwa amewasaidia hata kidogo. Aliinua macho akawatazama muda mrefu, mpaka akapotewa na mstari aliokuwa amefikia. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akipotewa na mstari.

Mwalimu, kwa niaba ya wanafunzi, wazazi na wafanyakazi wenzako, tunakushukuru kwa kila swali ulilolisoma na kila jibu ulilomwachia mwanafunzi mwenyewe. Shemeji, tunakurudishia mume, na tunakuomba radhi kwa jioni zote za kemia. Wajukuu wanakungoja, nao hawana mtihani. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na kiti kizuri chenye wasikilizaji wengi. Sauti ile ikirudi, tuite tuje kuisikia. Isiporudi, wewe soma hivyohivyo. Pa kucheka tunapajua.