Kabati la Sauti Moja Linabaki Pale Pale

Kwa heshima na taadhima, na baada ya vikao vinne vilivyonywewa chai nyingi, uongozi wa maktaba yetu ya nota unatangaza kwamba kabati la mbao lililo kati ya dirisha na kapu la taka halitahamishwa. Wafanyakazi wanaombwa kuipokea habari hii kwa utulivu.

Anayeondoka ni mwenye kabati. Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuziazimisha kwaya za mji huu nyimbo, Shangazi anastaafu. Sote tunamwita hivyo, hata mkurugenzi, ambaye kiumri ni kaka yake.

Aliajiriwa kupanguza vumbi na kugonga mihuri. Siku hizo nyimbo za sauti moja, yaani zile ambazo kwaya nzima inaimba nota zilezile, zilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya meza, na wakubwa waliegemeza miguu juu yake. Kwaya ya maana, tuliambiwa, ni ya sauti nne. Sauti moja ni ya wasioweza. Shangazi alikasirika siku hiyo ya kwanza na hajapoa mpaka leo.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Kwenye sauti nne, aliyepotea hujificha nyuma ya jirani yake. Kwenye sauti moja hakuna pa kujificha. Mmoja akiteleza, ukumbi mzima unajua. Tena sauti moja si kitu kimoja. Mtoto wa miaka sita, kijana ambaye koo lake linamgeuka kila asubuhi, mama aliyetoka kazini na babu mwenye pumzi fupi hawawezi kupewa wimbo mmoja eti kwa sababu wote ni binadamu. Shangazi akamwita fundi seremala, akamsimamia kama askari, na kabati likaundwa mle mle chumbani huku sisi tukipiga chafya za vumbi la mbao. Milango minne: Watoto, Vijana, Watu Wazima, Wazee.

Kuazima kwake kulikuwa mtihani. Mdogo wenu ana miaka mingapi? Mkubwa je? Mara ya mwisho waliimba nini wakafurahi? Aliyejibu kwamba apewe wowote tu, ni watoto, alitoka mikono mitupu. Mwalimu mmoja wa kwaya, amevaa suti, aling'ang'ania wimbo uliopanda mno. Shangazi akamwambia aiimbe ile nota ya juu pale pale mezani, mbele ya foleni. Bwana akapanda, akakwama njiani, akasingizia vumbi. Aliondoka na wimbo wa chini zaidi, na tai ameilegeza.

Asisingiziwe utakatifu, lakini. Kuna mwaka aliwapa wavulana wa sekondari wimbo unaoruka ghafla katika mstari wa tatu. Ulipofika mruko, nusu yao waliruka, nusu wakatumbukia kisimani, na ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi hakuwalaumu wavulana. Jumatatu yake aligongelea ubao ndani ya mlango wa Vijana, akauandika "Makoo Yanayogeuka", akapanga hapo nyimbo zisizotembea mbali lakini zenye maneno ya watu wanaoanza kunyoa ndevu. Tuongeze pia kwamba yeye mwenyewe haimbi. Sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Alipotishia kumwonyesha mtu wimbo unavyokwenda, mtu huyo alichagua haraka.

Sasa tuseme lililotukera. Mwaka huu uongozi ulinunua kabati la chuma lenye droo tatu: Nyepesi, Wastani, Ngumu. Tukaambiwa huo ndio usasa. Sauti moja yote iingie Nyepesi, la mbao lipishe. Shangazi akiwa likizo, mpango ukajaribiwa. Kwaya ya nyumba ya wazee ilikuwa imefiwa na mwimbaji wake, ikaomba wimbo mfupi wa kumuaga. Ikapewa wimbo wa kupiga mswaki.

Karatasi zilirudishwa na bibi wa mstari wa mbele, mkunga mstaafu, zikiwa zimekunjwa vizuri kuliko tulivyozitoa. Akasema kwa upole kwamba yeye amezalisha nusu ya mji huu, na mswaki anaujua. Ofisi ikamjibu kwamba nota zinaendana na upana wa sauti zao. Ni kweli, nota hazikuwa na kosa. Kosa ni kudhani mtu akizeeka anarudi darasa la kwanza, na msiba wake nao unakuwa mdogo.

Shangazi aliporudi alisema hataki zawadi ya kustaafu. Anataka kabati liachwe. Akaletewa saa ya ukutani. Akairudisha, akasema muda umemfikia bila saa. Sisi wenzake tulisimama kikaoni kumtetea, tukaambiwa tunaongozwa na hisia. Ndiyo, tunazo. Hii ni maktaba ya nyimbo, si ghala la misumari.

Basi wiki hii, tukiwa tumekata tamaa, ndipo likatoka tangazo lile la juu: kabati linabaki, na nyimbo zote ndani yake, "kwa kutambua mchango uliotukuka wa mstaafu". Mkurugenzi atalirudia kwenye sherehe, na mtaombwa kupiga makofi. Pigeni. Kabati la chuma lipo koridoni, tunaliwekea miavuli.

Shangazi, asante kwa kila mtoto ambaye hakupasuka koo na kila mzee ambaye hakuaibishwa. Tunakuombea siku ndefu, kifua kizima, na majirani wasioimba juu ya uwezo wao. Mkunga na wenzake watakuimbia kwa sauti moja, kutoka mlango wa nne. Wimbo umeuchagua mwenyewe, kwa hiyo usilalamike.

Kuhusu kabati, mafundi walikuja Alhamisi, kabla ya tangazo, na futi yao kulitoa. Halipiti mlangoni.