Jino Lililotoa Talaka

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni zake Mola aliyeniumbia kinywa, akanivumilia nilipokifanya jaa, na leo amenijaalia kusimama mbele yenu nikasema bila ya kushika shavu. Semeni alhamdulillahi! Semeni kwa nguvu, maana wengine nawaona mmejishika mashavu na mnajidai mnafikiri.

Mimi ni Haji, fundi cherehani, nashona kanzu Darajani. Ndugu zangu, kila fundi wa mji huu ana mkasi, na kila fundi wa mji huu hukata uzi kwa meno. Msiniulize kwa nini. Mkasi uko papo hapo mezani, nasi tunainama tunang'ata! Nimeng'ata uzi miaka ishirini kwa jino lile lile la juu, upande wa kulia. Baina ya uzi na uzi tambuu ya kutafuna iko shavuni, na kahawa naisindikiza kwa kashata. Mswaki nilikuwa nikipiga asubuhi, mbio mbio, kwa meno ya mbele yanayoonekana na watu. Ya nyuma nilimwachia Mungu. Mungu naye alishanipa mikono miwili, lakini hilo sikulifikiri.

Jino likatoboka. Kwanza lilikuwa likisisimka nikinywa maji ya mtungi, nikahamia upande wa pili. Kisha likaanza kupiga. Likapiga mpaka sikioni, na kutoka sikioni likashuka shingoni. Usingizi ukanikimbia. Chakula kikawa uji, nikakonda hata kanzu yangu mwenyewe ikanipwaya, fundi mzima! Msikitini watu wakawa wananiachia nafasi, na wala si kwa heshima. Kinywa kilikuwa kinanuka. Na roho nayo ikaharibika: nilitukana wateja, nilimkatia bwana harusi shingo ya kanzu inayotosha watu wawili. Mtu akinipa salamu naona ananichokoza.

Mke wangu, Mwanaidi, alivumilia. Alinipondea ndizi, alinichemshia karafuu nisukutue, na kila siku aliniambia niende hospitali nikaling'oe. Mimi nikamsikiliza Makame, fundi jirani yangu, ambaye maishani mwake hajapata kung'oa hata ukucha.

"Jino la juu lina mshipa wa jicho," Makame aliniapia. "Uking'oa jino, na jicho linafata. Fundi kipofu atashona n'ni, we Haji?"

Basi maneno hayo ndiyo yaliyoniingia. Mnaiona akili hiyo?

Nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa bibi mmoja anayetoa wadudu wa meno. Mnamjua, msijifanye hamumjui! Akaweka makaa, akamwaga mbegu za tunguja, akanipa bua la papai nivute moshi uingie jinoni, na chini akaweka bakuli la maji. Nikakohoa nusura nife. Mara ndani ya bakuli vidudu vyeupe, vidogo vidogo, vinaelea. Nikashukuru! Nikaomba na mbegu za kwenda nazo nyumbani. Siku ya pili jino limerudi vile vile, nikawasha makaa yangu, nikazimwaga mbegu, na kabla sijatia bua mdomoni nikatazama bakuli. Vidudu vimo tayari. Ndugu zangu, bakuli nalo lina meno? Zile mbegu zikipata moto hupasuka na kurusha viini vyake, basi, hiyo ndiyo siri yote. Na mimi, baada ya kuyaona hayo kwa macho yangu, bado sikwenda hospitali.

Mficha maradhi kilio humfichua. Changu kilikuja mchana wa Ijumaa. Mwanaidi alipika wali wa nazi, laini, kwa ajili yangu. Tonge la pili nikauma kitu kigumu, kwaa! Kichwa kikapasuka kwa maumivu. Nikakitema, nikamtupia, nikapiga kelele kwamba ameshindwa hata kuchagua mchele, ananilisha mawe. Akafungua mdomo kunijibu. Sikumpa nafasi. Nikalitamka neno lile. Nilimwacha mke wangu wa miaka kumi na moja kwa sababu ya jino!

Hakulia. Aliokota kile kitu sakafuni, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake Mtoni kwa baba yake.

Jioni ile nilikwenda kwa shehe. Nikamwambia hasira zilinipanda, na kwa hakika aliyesema si mimi, ni jino.

"Jino halina ulimi, Fundi Haji," akanijibu. "Ulosema ni wewe. Talaka moja katika zako tatu imepita. Unaweza kumrejea kabla eda yake ya kungoja haijesha, lakini usimrejee ukenda kumtesa kwa jino hilo hilo."

Nikaenda Mtoni. Sikukaribishwa ndani, niliishia barazani. Alitoka shemeji yangu na kijikaratasi kilichokunjwa, akanipa na maneno ya dada yake: "Anasema, hilo ndo jiwe lako. Na anasema, alomwacha si mumewe, ni jino. Lishughulikie, kisha uje mseme."

Nikakunjua. Ndani yake hamkuwa na jiwe. Kilikuwa kipande cha jino langu mwenyewe, cheusi upande mmoja. Mke wangu alijua tangu pale sakafuni, na alipotaka kuniambia nikamfunga mdomo kwa talaka. Ardhi ingepasuka siku ile ningeingia kwa hiari yangu.

Na bado niliogopa! Nitukaneni, nimestahiki. Wiki zikapita, eda inakwenda, mimi nahesabu siku huku nalilinda jicho langu. Mpaka asubuhi moja nikaamka shavu limevimba, homa inanitetemesha, na jicho la kulia halifunguki kabisa. Jicho lile lile! Makame akaja, akanitazama, akasema labda nivute moshi tena. Nilimfukuza kwa ufagio. Hapo ndipo nilipomlilia Mola wangu kwa kweli. Nikasema, Ya Rabbi, jicho umeliumba wewe, mke umenipa wewe, nami nimevichezea vyote kwa ujinga. Nipe miguu ya kunifikisha.

Akanipa. Nikafika hospitali nimeshika kuta.

Daktari wa meno alinifunua kinywa, akageuza uso kando, kisha akarudi. "Jicho lako limezibwa na usaha wa jino hili," akasema. "Ungekaa siku mbili tatu zaidi, ungepanda kichwani, na hapo tungekusalia." Akanipiga sindano ya ganzi, ilipokolea nikasoma Fatiha kimoyomoyo, na sikufika nusu yake. Jino limetoka! Miezi mitano ya mateso, na dawa yake ni fupi kuliko Fatiha! Nililia palepale kitini, wala si kwa maumivu, kwa hasira ya kujua kwamba mlango ulikuwa wazi siku zote.

Siku ya tatu jicho likafunguka. Siku ya tano nikala wali. Siku ya sita nikaenda Mtoni, eda imebakiwa na siku chache mno, nikapiga magoti mbele ya baba mkwe na kumrejea mke wangu. Mwanaidi akaniambia nifungue mdomo. Akachungulia kwa makini, akanusa, ndipo akaenda kuchukua mkoba wake. Alhamdulillahi!

Ndugu zangu, msiseme ni jino tu. Kinywa kikiharibika, tumbo linafunga, usingizi unakimbia, na ulimi unasema usiyoyataka. Sasa nakata uzi kwa mkasi, tambuu nimeacha, na mswaki unafika mpaka nyuma. Mtegemee Mungu, naam, lakini yeye ndiye aliyemfundisha daktari kazi yake, basi mtegemee kwa kwenda. Mwenye kushika shavu hapa na aende kesho asubuhi, nami nitafuatana naye.

Mimi jicho nimerudishiwa, na mke nimerudishiwa. Lakini talaka haifutiki. Tulikuwa nazo tatu, sasa zimebaki mbili, na Mwanaidi anajua, na mimi najua, na kila akipika, yeye huuchagua mchele mara mbili.