Mzee Telesphory na Ampli Zake Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufunga nyaya, kufungua nyaya na kugombana na umeme, Mzee Telesphory Rweyongeza, fundi mitambo wa Ukumbi wa Mkarafuu hapa Wawi, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Nimepewa mimi niandike wasifu huu kwa sababu ndimi mpiga gitaa bora ukumbini. Tupo wawili, na mwenzangu bado anajifunza.

Mzee alitoka Bukoba akidhani atakaa Pemba mwaka mmoja. Leo anakula pweza kuwashinda watu wa Kisiwa Panza, na akikasirika hugomba kwa Kipemba safi. Spika zote za ukumbi kazifunga yeye. Siku paa lilipovuja katikati ya harusi, aliifunika mitambo kwa kitu cha kwanza alichokishika, kumbe joho la bwana harusi. Mitambo ilipona. Joho halikupona.

Sasa tuje kwenye ampli za gitaa. Ukumbi ulikuwa nazo mbili, kampuni moja, jina moja, kila moja na spika yake tumboni. Toleo la zamani ni la valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, zito kama gunia la karafuu. Tunaliita Bi Mkubwa. Toleo jipya halina taa, unalibeba kwa mkono mmoja, na ukiliwasha linaimba hapo hapo. Huyo Bi Mdogo. Mzee ni Mkristo, mke wake ni Bi Conchesta peke yake, lakini vita vya wake wenza amevijulia kazini.

Mwaka jana meneja wetu, Bi Ruweida, alitangaza kuwa nafasi hakuna, ampli moja itolewe. Mzee akaja juu. Bi Mkubwa haondoki yeye yu hai! Sauti yake ina nyama, na yeye anaijua hata usingizini. Bi Ruweida akamwambia, "Haya Mzee, kaa nyuma ya pazia la wanawake, usikilize. Ukipatia, anabaki. Ukikosa, anatoka."

Ampli zote mbili zikawashwa mapema, nikapiga wimbo mmoja kwa kila moja, tena kwa ufundi wangu ule. Ya kwanza Mzee akapiga makofi: "Huyo! Nyama tupu!" Ya pili akasema ni debe la mafuta ya taa. Pazia likafunguliwa. Kamsifu Bi Mdogo, kamtukana Bi Mkubwa! Bi Mwanawema, msimamizi wa upande wa wanawake, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akasingizia mafua.

Bi Mkubwa akatolewa nje barazani kungoja mnunuzi.

Ikaja harusi ya kwanza bila Bi Mkubwa. Miaka yote wanawake wetu wamezoea hivi: Bi Mkubwa akiwashwa, taa zinapata moto polepole, mvumo wake unafika hadi jikoni. Hapo wanaokula wananawa, wanaojifukiza udi wanamaliza, wote wanaingia. Bi Mdogo hakuvuma. Nikawasha, nikapiga, bibi harusi akaingia ukumbi mtupu, mashangazi wote wangali na biriani mkononi. Somo wake, yule mama aliyemfunda, alinitolea jicho hilo!

Asubuhi yake Bi Mwanawema akaleta ujumbe wa kinamama. "Jipya lina sauti nzuri, hatukatai. Lakini halina adabu, linaingia bila hodi. Turejesheeni letu."

Bi Mkubwa akarudi jukwaani siku ile ile, skuli moja kule Tumbe ikapewa Bi Mdogo. Mzee mpaka leo anasimulia kuwa aliiokoa ampli kwa masikio yake. Tuliokuwepo tunanyamaza, kwa heshima.

Mzee Telesphory, ahsante kwa kila harusi uliyoipa sauti. Wewe na Bi Conchesta Mungu awape afya, raha na pweza wasiokwisha. Karibu ukumbini wakati wowote, kama mgeni. Usiguse kitu.

Suhail Kificho, kwa niaba ya wafanyakazi wote