Sentimita Nne za Kiuno

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata gauni la harusi la mpwa wake. Bibi harusi alikuwa amekataa kulivaa, hakutaka hata kumwona shangazi yake, naye fundi alikuwa akienda kuomba radhi.

"Nilimpima mara ya pili, mama, kiuno kimeongezeka sentimita nne," alimwambia jirani yake, mwalimu mstaafu. "Nikajua kuna mgeni njiani. Nikamwambia wifi, mama yake, anunue kitambaa zaidi. Basi! Sasa naitwa mmbea."

"Wamekuonea, mwanangu. Mmbea hutembeza maneno ili yanoge. Mdaku huyafukua. Wewe una kimbelembele tu: umeifikisha habari kabla ya mwenyewe."

"Kwa hiyo ni afadhali?"

"Kidogo. Kaombe radhi kwa kosa lako, usibebe na makosa ya wenzio."

Fundi akafuta machozi, akichunga yasidondokee gauni. Nami nusura nilie.

Mwalimu akamsogelea, akashusha sauti. "Lakini niambie, aliyempa mimba ndiye huyo bwana harusi?"

Fundi akatazama huku na huku. Basi likasimama kwenye kituo changu. Sikushuka.