Dokta Teodora Chenge, na Mama Yake Mliyemkalisha Jikoni

Padri, wakwe zetu wa ukoo wa Maige, walimu wenzake mliokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, majirani wa hapa Magu, na ninyi mliofuata wali, ambao nawafahamu kwa sura, poleni kwa msiba. Mimi ni Rebeka binti Shimba, mama mdogo wa marehemu, nimesoma mpaka darasa la nne na miwani hii nimeazima, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Revocatus, mdogo wake mkwe wetu Obedi, alikuwa ameshaandaa historia fupi na nzuri, inayosema marehemu aliugua kwa muda mfupi na Bwana akamtwaa, nikamwambia ahsante baba, hiyo itunze, huyu nilimbeba mgongoni na nitamsoma mwenyewe.

Dokta Teodora Chenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, hapa hapa Magu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Chenge na dada yangu Kashindye, na ndiye pekee aliyeishi, maana watatu waliomtangulia walizikwa kabla hawajatambaa. Dada yangu alimpakata huyu mtoto mwaka mzima bila kumweka chini, hata kisimani alikwenda naye, hata jembe alilima naye, na mtu akiomba kumpokea alikuwa anajifanya hasikii. Mwanamke huyo ndiye mnayesema amemla mwanawe. Nitafika huko, msiwe na haraka, jeneza haliondoki.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1960, na mwaka 1964, alipofaulu kwenda shule ya kati, mzee Chenge, Mungu amrehemu, akapokea posa kutoka kwa bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Kashindye alisimama mlangoni na mchi wa kutwangia, akawaambia wageni kwamba binti anaenda shule, na kama wana haraka ya kuoa yupo mama yake, wajaribu. Ng'ombe wakarudi walikotoka, na bwana harusi yule yupo hapa leo, amekaa nyuma ya nguzo ya turubai, asijifiche, tumeshamsamehe. Mwaka 1967 Teodora aliingia sekondari ya wasichana Tabora, akamaliza kidato cha sita mwaka 1972, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akasomea udaktari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1978.

Tarehe 30 Desemba 1978 alifunga ndoa na Obedi Maige, aliyekuwa fundi wa kinu cha kuchambulia pamba, na wakajaliwa watoto wawili, Gladness aliyezaliwa mwaka 1979 na Shimba aliyezaliwa mwaka 1985. Gladness alipofikisha mwaka mmoja mama yake alipelekwa kusoma Uswidi, na miaka minne mtoto huyo alilala kifuani pa bibi yake Kashindye, akanenepa mpaka majirani wakauliza anakula nini. Nawauliza wakwe zetu, huyo mchawi wenu mbona alimwacha huyo, tena laini?

Kuhusu ndoa yao kuwa ya mbalimbali, yeye Dar es Salaam na mume Mwanza, yalisemwa mengi, kwamba kinu kilipofungwa mwaka 1994 Obedi alipata faraja yake huko Nyakato, pembeni mwa Mwanza, nikapanda gari nikaenda kuchunguza mwenyewe kwa muda wa kutosha, na nilichokikuta Nyakato ni mashine ya kusaga mahindi. Obedi, mkwe wangu, umesafishwa mbele za watu, na huo ndio mchango wangu wa rambirambi.

Kazi yake ilikuwa kufundisha chuo kikuu, kuanzia Oktoba 1984, somo linaloitwa imunolojia, yaani jinsi mwili unavyojilinda na kumjua mgeni na mwenyeji. Mambo yalipolegezwa na kila mtu akaambiwa ruksa kufanya biashara, wenzake wengi walifungua zahanati zao mjini, wakaja chuoni kama wageni, naye akabaki na chaki na wanafunzi waliokuwa wanashinda na chai kavu. Alifuga kuku wa mayai uani, kama walimu wote wa miaka hiyo, na hao kuku nao akawafundishia, nusu akawachanja kideri mbele ya darasa na nusu akawaacha, na kideri kilipopita mtaani, wanafunzi walielewa somo bila kuandika kitu.

Kila Julai aliwaleta wanafunzi wake kanda ya ziwa, akawashusha stendi ya Buzuruga, Mwanza, akawapandisha gari la Magu, wakala ugali kwa Kashindye. Julai ya mwaka 1993 alimwendea Ngosha, ntemi wa sungusungu wetu, yaani mkuu wa walinzi wa kijiji, amekaa pale mbele na kofia yake, akamwomba askari wake wamsaidie kufundisha. Wanakijiji wote wakapewa jani la mwarobaini wafunge mkononi, wanafunzi wakajificha kwenye mashamba ya pamba kama vijidudu bila jani, na sungusungu wakaambiwa wamkamate kila asiye na jani. Filimbi zikalia, mwano ukapigwa, ule ukelele wetu wa hatari, na wasomi wa taifa hili wakatolewa mmoja mmoja kwenye pamba wamefungwa kamba, wanacheka.

Sasa katikati ya hayo akashuka kwenye gari mtoto wa Ngosha mwenyewe, ametoka Mwanza, amevaa koti la mitumba lililomfika magotini na miwani ya jua, hana habari ya jani wala somo. Walimwangusha. Alipotaja jina lake wakamwambia kijidudu nacho kina jina, alipomtaja baba yake wakamzidishia, na aliyekuja kumkalia mgongoni alikuwa baba yake, kwa maana mwano ukishapigwa hapa kwetu nani anatazama uso? Kijana aliteguka bega. Wanafunzi walikufa kwa kicheko, lakini Teodora hakucheka, alikwenda akamfungua, akamfunga bega kwa kanga yake, ndipo akawageukia.

Akasema, "Hili nilikuwa niwafundishe wiki ijayo. Walinzi hawa si wabaya. Wamemkosea mtoto wa nyumbani wakidhani wanalinda nyumba, na mwili nao hufanya hivyo hivyo."

Alianza kuugua mwezi Februari 1995. Vidole vilivimba akashindwa kushika chaki, nywele zikanyonyoka, na usoni pakatokea wekundu wa kupanda puani na kutanda mashavuni kama mbawa za kipepeo. Madaktari waliuita ugonjwa huo lupasi, na yeye alikuwa ameutambua kabla yao, kwa sababu alikuwa anaufundisha. Juni 1996 aliacha kazi akarudi kwa mumewe Nyakato, figo zikaanza kushindwa, na tangu siku hiyo aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani ni mama yake.

Watu wa mjini mkasema ni ule ugonjwa, na ingekuwa ni huo ningeusoma hapa kwa sauti hii hii, maana waliokufa nao ni watoto wetu vilevile. Watu wa kijijini mkasema amelogwa. Nilimuuliza mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono, kwa kuwa na mimi ni mtu wa huku na masikio yangu yalikuwa yamejaa maneno. Akaniambia, "Mama mdogo, unamkumbuka mtoto wa Ngosha na lile koti? Ndivyo mwili wangu unavyonifanya. Hakuna mtu aliyenitumia kitu. Nikifa watamtafuta mama, na mimi sitakuwepo kumsemea. Waambie wewe, una mdomo."

Nilikasirika kuambiwa nina mdomo, lakini ni kweli.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, akiwa na miaka arobaini na saba. Na hata kabla hajafa, Revocatus na vijana wake walikuwa wameshakwenda kwa mganga, akawaambia aliyefanya kazi hii ni mama mwenye macho mekundu. Hapa Magu! Mama asiye na macho mekundu hapa ni nani, tunapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, miti imekwisha, mimi mwenyewe nitazameni. Teodora alimnunulia mama yake jiko la mkaa, dada yangu akalisifu sana, kisha akamlalisha kuku humo. Macho ni ya moshi. Juzi asubuhi amefungua mlango akakuta panga limechomekwa kizingitini, na kila mtu hapa anajua maana ya panga hilo, kwa maana kuna kina mama wa rika langu waliokuta panga kama hilo nami nimewazika.

Na leo wakwe mmemkalisha jikoni, nyuma kule kwenye masufuria, mkamweka kijana mlangoni asitoke, mkasema asisogelee jeneza. Jeneza la mwanawe! Dokta mzima amewafundisha watoto wa nchi hii miaka kumi na miwili, watu wamevuka nchi kuja kumzika, na sisi tunamtimua mama yake kwa neno la mtu anayetazama matumbo ya kuku.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na Mwanza, majirani wa Nyakato waliochota maji bila kuombwa, walimu wenzake na wanafunzi wake, na Obedi, ambaye hakumkimbia mkewe.

Limebaki neno moja la kumuaga, na Padri tumekubaliana kwamba haanzi sala kabla sijalisema. Ngosha, wewe ni ntemi, vijana hawa wanakusikia kuliko wanavyomsikia Padri, na mwanao lile bega linamuuma mpaka leo kila masika. Inuka uende jikoni mwenyewe, umshike dada yangu mkono, umkalishe kichwani pa jeneza, kisha useme mbele ya watu kwamba atakayegusa mlango wake amegusa mlango wako. Mimi nitasimama hapa. Jua ni kali, lakini nimezoea kulima.

Mstari huu wa mwisho nimeuandika leo asubuhi, nikiapa kwamba hautasomwa mpaka Kashindye awe amekaa mbele yangu na Ngosha awe amesema. Kwa hiyo mkiusikia, imekuwa.

Teodora mwanangu, mama yako amekaa hapa kichwani pako, mkono wake uko juu ya ubao. Sasa pumzika.