Bi Zuleha, Aliyejua Umeme Unakokwenda

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Zuleha Abdulghani anastaafu baada ya kulitumikia Jengo la Pwani Njema, hapa Usagara, kwa miaka thelathini na mitatu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa ofisi zetu zinapakana. Walioniomba hawajui kwamba kwa miaka tisa nimemwonea kijicho.

Alizaliwa Maramba. Aliajiriwa kuendesha lifti, akasomea ufundi umeme jioni. Kila asubuhi alisoma mita za orofa zote sita, na kila mwanzo wa mwezi alikisia uniti zitakazotumika. Ikikaribia Ramadhani alipita duka kwa duka kuuliza nani atafungua baada ya futari. Mimi, mhandisi Hosea, nilikuja na shahada na programu ya kompyuta. Wapangaji wakiwa na swali, walipita mlangoni kwangu wakimtafuta yeye.

Mwaka 2022 matumizi yalipanda ghafla. Programu yangu ilimtaja Chiku, mjane mwenye majokofu ya samaki orofa ya chini. Niliandika ripoti, na uongozi ukampa Chiku siku kumi na nne ahame. Bi Zuleha akaomba wiki moja. Alipima waya wa kila mpangaji, kisha nyaya za jengo lenyewe. Siku ya saba aliniita kwenye ukumbi wa orofa ya nne, ambao haukuwa umetumika kwa miezi miwili. Viyoyozi vinne vilikuwa vikivuma, vikipoza viti vitupu.

“Hosea mwanangu, hesabu umeijua,” alisema. “Ila ngazi hukupanda.”

Chiku akabaki. Kwenye kikao watu walisimama kumpigia Bi Zuleha makofi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu. Tangu hapo nikawa naomba akosee, hata mara moja tu. Mwaka jana akakosea, tena kwa uniti mia tisa. Kabla sijafurahi, alikuwa ameshaandika kosa lake kwa wino mwekundu na kulibandika ubaoni, jina lake chini.

Hilo ndilo nililomwonea wivu kuliko makofi yote. Kosa langu mimi sijalikiri mpaka leo ninapoandika haya. Chiku, nisamehe.

Bi Zuleha, ahsante kwa kazi na kwa subira. Nenda Maramba ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Nakutakia mema kwa moyo mweupe, au uliokaribia kuwa mweupe.